Asetoni si maji ya kufutia kila kitu, wadau

Jamani, hivi nani aliyetudanganya kwamba asetoni ni dawa ya kila doa? Ushauri huu nausikia kila kona. Gundi imeganda kwenye kaunta ya jikoni, paka asetoni. Rangi imedondoka sakafuni, asetoni. Stika haibanduki kwenye friji, asetoni! Na mshauri haulizi hata hiyo kaunta imetengenezwa kwa kitu gani.

Tuanze na jiwe lenyewe. Graniti ya kweli haina ugomvi na asetoni. Marumaru nayo (nasema jiwe, sio vigae ambavyo sisi Dar tumezoea kuviita marumaru) haichubuliwi, kwa sababu asetoni si asidi. Kinachoila marumaru ni siki na ndimu, vitu ambavyo washauri hao hao watakuapia kuwa ni "vya asili" na havina madhara... haya bwana. Tatizo ni kwamba kaunta nyingi zinazouzwa kwa jina la kwatzi si jiwe tupu. Ni chembechembe za mawe zilizoshikamanishwa kwa resini, yaani aina ya plastiki. Ukiiacha asetoni ituame hapo, inaweza kuishambulia ile resini na mng'ao ukafa. Hata kwenye graniti inaweza kuondoa ile dawa inayopakwa kuziba vitundu, halafu mafuta ya kupikia yanaanza kuzama ndani ya jiwe.

Na kuna graniti nyeusi zilizopakwa rangi ili zionekane nyeusi tii. Chukua kitambaa cheupe chenye asetoni kidogo, sugua pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, mdau, unauziwa rangi. Fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Lakini kaunta ni mali tu. Kinachonikera zaidi ni moto. Mvuke wa asetoni unaweza kuwaka hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, sasa fikiria jiko la Dar mwezi wa pili! Mvuke huo ni mzito kama mara mbili ya hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la gesi au cheche ya swichi ya friji. Mtu anafunga madirisha kuzuia vumbi, anamwaga nusu chupa juu ya kaunta, kisha anawasha jiko abandike chai. Loh!

Halafu chupa. Asetoni inauzwa kwa kupimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila jina, bila alama ya moto. Haina rangi, imekaa kama maji. Mtoto wa miaka 3 mwenye kiu atajuaje? Sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu 2003, Mkemia Mkuu wa Serikali tunaye. Na wewe muuza duka usiniambie biashara yako ni ndogo. Kuandika neno ASETONI kwa maka peni juu ya karatasi na kuibandika kunahitaji mtaji gani?

Najua wapo watakaosema nakuza mambo, mbona akina dada wa saluni wanaishika kila siku? Ni kweli, na hata miili yetu hutengeneza asetoni kidogo, ndiyo maana pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huweza kunukia hivyo. Sijasema tuikimbie. Mimi mwenyewe ninayo ndani, ipo kwenye chupa yake yenye lebo, juu kabisa kabatini.

Ukitaka kuitumia, funga gesi kwenye mtungi na fungua madirisha. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Loanisha kitambaa, usimwage juu ya jiwe, futa haraka halafu safisha kwa maji ya sabuni. Iweke mbali na plastiki na mbao zenye vanishi. Glovu nyembamba za hospitali hupenywa upesi, usizitegemee. Kitambaa kianike nje kikauke kabla ya kukitupa. Na usithubutu kuichanganya na klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwa maana hapo hutokea klorofomu, na jikoni kwako hakuna mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji.