Kizuia simu: ushuru uko kwenye namba

Kidude kinachochomekwa kati ya waya na simu ya mezani, kikasoma namba ya mpigaji na kumkata asiyetakiwa, ni kifaa cha simu au ni chombo tu cha umeme? Kwa waagizaji wa Marekani swali hilo lina bei. Kikiingia kifungu 85.17, pamoja na simu, ushuru wa kawaida ni sifuri, tunda la makubaliano ya bidhaa za teknolojia ya habari ya 1996. Kikisukumwa 85.43, kapu la vyombo vya umeme visivyotajwa kwingine, huweza kutozwa asilimia 2.6. Kwa shehena ya dola 100,000 hizo ni dola 2,600, mbali na nyongeza za bidhaa za China zilizoanza 2018.

Hoja ya 85.17 ina nguvu: bila laini ya simu kidude hicho hakina kazi. Lakini ankara iliyoandikwa "kifaa cha elektroniki", basi, humwachia ofisa achague mwenyewe. Forodha ya Marekani hutoa uamuzi wa maandishi kabla ya mzigo kufika, tena bure. Mkataba wa WTO wa kurahisisha biashara, unaotumika tangu Februari 2017, unadai utaratibu kama huo kwa wanachama, Kenya na Tanzania wakiwamo. Tarakimu sita za mwanzo za namba ni zilezile Mombasa na Dar es Salaam. Mwagizaji aombe uamuzi huo kabla ya kumlipa muuzaji, si kontena likiwa limeshashuka.