Cheti cha embe huanzia shambani

Mwaka 2014 Kenya ilijifungia yenyewe soko la maembe la Umoja wa Ulaya. Mizigo yake ilikuwa ikinaswa huko mara kwa mara ikiwa na funza wa nzi wa matunda, na Nairobi ikaona heri isitishe yenyewe kuliko kungoja marufuku. Soko halikufunguliwa tena hadi 2021. Miaka yote hiyo mkulima wa kaunti ya Makueni alibaki hasa na dalali na kiwanda cha juisi.

Mchokozi ni Bactrocera dorsalis, nzi wa asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani, akiacha kitobo kidogo ambacho mtu mwenye haraka hakioni. Mayai yakianguliwa, funza huila nyama ya tunda, huku embe kwa nje likionekana zima.

Kwa hiyo wanaokichukulia cheti cha afya ya mimea kama karatasi ya kukamilishia safari uwanja wa ndege wanajidanganya. Cheti hicho, kinachotolewa na mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS nchini Kenya na TPHPA nchini Tanzania, ni neno la serikali kwa serikali kwamba mzigo umekaguliwa na hauna visumbufu vilivyokatazwa. Mkaguzi huchukua sampuli. Hawezi kupasua kila embe. Tangu Desemba 2019 Ulaya inakidai kwa karibu matunda na mboga mbichi zote. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani.

Kinga yenyewe iko chini ya miti. Mitego yenye kivutio cha harufu hunasa madume, na maembe yaliyoanguka huokotwa kila mara na kufukiwa kwenye shimo refu, funza wasipate kugeuka nzi. Anayefanya hayo peke yake anajichosha bure kama jirani ameacha yake yaoze. Nzi huyu hudhibitiwa na eneo zima, au hadhibitiwi.

Serikali hupenda kutangaza masoko mapya. Parachichi bichi la Kenya na la Tanzania lilikubaliwa China mwaka 2022, na kila soko huja na orodha yake ya wadudu. Masharti husainiwa mjini, kisha humwangukia mkulima ambaye pengine hajamwona bwana shamba msimu mzima. Kaunti na halmashauri zitenge fungu la mitego na maofisa ugani kabla miembe haijachanua, na sehemu ya ada za ukaguzi irudishwe kwenye kata yanakotoka matunda hayo.