Sayari isiyompongeza mtoto

Wazazi wanaokuja kwenye vikao vya shule hunilalamikia kwamba gemu zinawaharibu watoto. Nawaelewa. Gemu nyingi zimeundwa ili mchezaji asikae hata dakika bila kupongezwa: sarafu zinamwagika, adui anaanguka, kengele inalia. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na kuna gemu moja ninayoitetea waziwazi.

Inaitwa Elite Dangerous. Ilitolewa mwaka 2014 na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, kampuni ya David Braben, ambaye mwaka 1984 alitengeneza Elite ya kwanza pamoja na Ian Bell. Ndani yake mna galaksi yetu kwa vipimo halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Sehemu kubwa haijawahi kufikiwa na mchezaji yeyote.

Hivi karibuni nilikaa na mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, tukaikaribia sayari ya barafu kubwa kuliko Dunia. Haikuwa na hewa wala kiumbe. Kabla hatujashuka nikamwuliza itatuvuta kwa nguvu kiasi gani. "Shangazi, kwa ukubwa huu itatuponda," akasema.

Nikampa kalamu. Mvutano kwenye uso wa sayari hutegemea nusukipenyo chake na densiti yake kwa pamoja, na barafu ni nyepesi kuliko mwamba na chuma vilivyoijenga Dunia. Sayari yenye nusukipenyo mara mbili ya Dunia, lakini densiti nusu yake, ingetuvuta sawasawa na Dunia. Nikamtajia Uranusi: masi yake ni zaidi ya mara 14 ya Dunia, lakini juu ya mawingu yake mtu wa kilo 60 angesoma kilo 54 hivi kwenye mizani. Alipomaliza hesabu akatazama kioo cha chombo chetu cha angani. Mvutano ulioandikwa pale ulizidi wa Dunia kidogo tu.

Kushuka kukamfundisha la pili. Aliinamisha pua ya chombo mno, kasi ikapanda, na kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kutupunguza mwendo, tukabaki kutegemea injini peke yake. Akainua pua, akasawazisha, akatua taratibu huku viganja vimelowa jasho. Kisha akaendesha gari la magurudumu sita kwenye uwanda mweupe ambao upeo wake ulikuwa mbali sana, kwa sababu ya ukubwa wa sayari. Baada ya muda akaniuliza mbona hakuna kitu.

Swali hilo ndilo ninalotaka kila mtoto aliulize. Ulimwengu haukuumbwa utufurahishe, na mtoto aliyezoea kuzawadiwa kila anapobonyeza kitufe anahitaji kukutana na mahali pasipomjali. Hapo ndipo atakapoanza kutazama nyufa za barafu na kuuliza zimetokea wapi.

Ni kweli kwamba sayari nyingi za gemu hii zimebuniwa na programu inayofuata kanuni za maumbile. Hakuna darubini iliyowahi kuziona. Mwalimu aliseme hilo wazi, ili mwanafunzi ajifunze kutenganisha kinachojulikana na kinachokadiriwa. Ni kweli pia kwamba kompyuta yenye nguvu na intaneti ya uhakika ni ghali. Lakini simwombei kila mtoto kompyuta yake. Mashine moja na projekta vinatosha darasa zima, kwa kipindi kimoja kilichoandaliwa vizuri: wanafunzi wakokotoe mvutano kwanza, mmoja ashike usukani, wengine wapime kama walipatia.

Kwa mzazi ambaye tayari ana gemu sebuleni, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuizima, keti karibu na mwanao umwulize mahali pale pana sheria gani, na kama sheria hizo ni za kweli. Akishindwa kujibu, tafuteni jibu pamoja.