Kodi ya Sarafu za Kidijitali Ilenge Faida

Mnamo Septemba 1, 2023, serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 3 kwa thamani ya kila mali ya kidijitali iliyouzwa, zikiwemo sarafu kama Bitcoin. Sikuiunga mkono kodi hiyo, na sababu yangu ni hesabu ya darasani. Tuseme mwalimu alinunua sarafu kwa Sh100,000, bei ikaporomoka, akaziuza kwa Sh80,000. Amepata hasara ya Sh20,000, na juu ya hasara hiyo alidaiwa kodi ya Sh2,400. Je, hiyo ni haki?

Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta kodi hiyo kuanzia Julai 1. Badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 wa ada wanayotoza wafanyabiashara wa kubadilisha sarafu hizo. Ni nafuu, lakini pengo lingalipo. Wanaouziana wao kwa wao hawaguswi na ushuru huo. Blokicheni, yaani daftari la pamoja lililomo katika kompyuta nyingi, huandika kila malipo, ila haliandiki jina la mlipaji. Hivyo mwaminifu hulipa, mjanja akacheka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakusanyaji ushuru na wajifunze kulisoma daftari hilo, kisha watoze faida, wala si kila shilingi ipitayo. Nasi walimu tuwazoeze wanafunzi kuweka hesabu zao sawasawa. Kodi ya haki hailipwi kwa kusukumwa.