Maji ya Strungi Ndiyo Inakumalizia Tokeni

Sema ukweli. Jana usiku mita ilianza kulia, ukacheki ukapata umebaki na yuniti mbili. Ukazima taa ya choo, ukachomoa chaja kwa ukuta, hata ukazima redio. Halafu ukajaza birika ya stima mpaka juu, ukawasha, ukamimina kikombe kimoja cha strungi. Maji ingine ikabaki hapo ikapoa. Asubuhi ukaimwaga, ukajaza tena.

Hapo ndio ganji yako inaendanga, msee. Sio kwa chaja.

Wacha tupige hesabu pole pole. Mimi chuo niliiacha katikati lakini fizikia ya sekondari haijanitoka. Hapa Nai, kuchemsha lita moja ya maji ya mfereji kwa birika ya stima inakula karibu yuniti 0.1. Birika nyingi za mtaa zinabeba lita 1.7, so ukijaza ni yuniti 0.17. Kikombe chako kikubwa ni mililita 300 hivi, hiyo ni 0.03 pekee. Kila ukijaza birika kwa sababu ya kikombe kimoja, umetupa yuniti 0.14 hewani.

Inakaa kitu kidogo, sindio? Fanya hivyo mara tatu kwa siku, siku 30. Ni yuniti 12 na nusu. Balbu ya LED ya wati 9 ukiiwasha masaa sita kila usiku, hizo yuniti zinaipeleka zaidi ya miezi saba. Na wewe unazima taa ya choo.

Sasa leta siasa kidogo, juu hii story si ya jikoni tu. Kabla ya Aprili 2023, mtu wa kutumia chini ya yuniti 100 kwa mwezi alikuwa anahesabiwa kama mtumiaji mdogo na alikuwa analipishwa bei ya chini. EPRA ikakata hiyo laini ikaishusha hadi 30. Bei zilipotoka zilikuwa hivi, kabla ya makato mengine: bob 12.22 kwa yuniti kama hupiti 30, bob 16.30 kama uko kati ya 30 na 100, na bob 20.97 ukipita 100. Tangu hapo bei zimekuwa zikisongasonga, lakini hizo ngazi ndizo za kuweka akilini. Na ukipita ngazi, si zile yuniti za juu pekee zinapanda bei. Unahamishwa ngazi mzima mzima.

So mtu wa bedsita, mwenye balbu mbili, simu, laptopu na redio, anaweza kukaa chini ya 30 vizuri tu. Ongeza zile 12 na nusu za maji ya kumwaga, amevuka. Analipia maji hakukunywa, halafu analipa bei ya juu hata kwa ile taa anaonea huruma.

Juu ya hiyo bei ya msingi kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya dola, levi kadhaa na VAT ya 16%. Hizo mbili za kwanza zinabadilika kila mwezi, ndio maana soo tano ya mwezi jana haikupei yuniti sawa na soo tano ya leo. Fungua SMS ya tokeni. Chukua pesa yote ulituma, gawa kwa yuniti umepewa. Hiyo ndio bei yako ya kweli. Tuseme imekuja bob 28. Maji ya kumwaga inakukula soo tatu na chwani kila mwezi.

Kuna wale wananiambia, "Wee, birika ni wati 2,000, mimi natumia koili, inakula kidogo." Hapana. Wati ni spidi tu. Maji ile ile inahitaji moto ule ule, koili inachukua muda mrefu zaidi na joto inatorokea kwa ndoo ambayo haina hata kifuniko. Plus koili haijizimi. Hosteli yetu msee alilala nayo imewashwa kwa beseni ya plastiki, tukaamshwa na moshi. Beseni iligeuka kitu kama chapati. Birika ikichemka inajikata yenyewe, hiyo pekee inatosha kukufanya utupe koili.

Na gesi je? Hii nilishangaa. Gesi ilirudishiwa VAT ya 16% Julai 2021, ikashushwa hadi 8% mwaka uliofuata, halafu Julai 2023 ikaondolewa. Tuseme unajaza mtungi wa kilo 6 na 1,300. Meko inapoteza karibu nusu ya moto pembeni ya sufuria, kwa hivyo lita moja ya maji inakutoka kama bob tatu kasoro. Birika ya stima kwa bob 28 kwa yuniti? Bob tatu kasoro. Karibu ni sare. Ile vita ya gesi ama stima mnapigana kila siku haina mshindi kwa upande wa chai. Mshindi ni mwenye amepima maji na kikombe kabla ya kuwasha.

Kama ni meko, funika sufuria na ushushe moto usiruke pande zote. Chai ya maziwa najua ukifunika inafura na kumwagikia jiko, so funika wakati ni maji na majani tu, maziwa iingie mwisho. Halafu acha hii tabia ya kusema "wacha ichemke vizuri" dakika kumi. Nairobi iko juu sana, mita kama 1,700 kutoka baharini, kwa hivyo maji inachemka kwa digrii 94 hivi. Ikifika hapo haipandi tena hata ukeshe ukiiangalia. Moto wote unaongeza unageuka mvuke, na kugeuza lita moja iwe mvuke inakula zaidi ya mara sita ya ile ilitumika kuichemsha. Hata kama unachemsha kuua viini, ikitokota sawasawa dakika moja imetosha.

Mathe walijua hii kitu kitambo. Ile chupa ya chai ya maua kwa meza, inachemshiwa mara moja asubuhi, watu wanakunywa mpaka saa nne. Chupa ya lita moja ya maana ukiinunua leo, yuniti za mwezi ama miwili zinairudisha.

Lakini kuna wasee hii hesabu yote haiwasaidii, na ndio wengi mtaani. Laini ya yuniti 30 ni ya mita, si ya mtu. Ploti ya nyumba 20 zikiwa kwa mita moja ya landlodi, kila keja ikitumia 15 tu, mita inasoma 300. Wote wanaingia ngazi ya juu kabisa, hata yule anaishi na balbu moja. Halafu landlodi anaweka submita na anaongeza yake. Mtu wa chini kabisa ndiye analipa bei ya mwenye shawa ya moto na friji mbili. Wakati ule EPRA inaita watu watoe maoni kuhusu bei, ongeeni hiyo ya mita, si bei peke yake.

Mimi niliuliza keretaka wetu bei ya yuniti akanitumia namba. Nikaigawa. Bob 35. Nimemuuliza tena mbona, ameona meseji tangu Jumanne na hajajibu.