Mfalme Aliyebatizwa Akiwa Mateka

Wanaosoma habari za Kanisa katika pwani yetu hukutana na jina la Dom Jerónimo Chingulia, na mara nyingi hulikuta limefungwa kwenye neno moja: msaliti. Tunapinga. Hatukani kwamba alimwaga damu. Tunapinga hukumu inayoanzia siku ile ya damu na kuyaacha yaliyotangulia, maana yaliyotangulia yalitendwa na Wakristo.

Alizaliwa Yusuf, mwana wa Sultani Hasan wa Mombasa. Wareno wa Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga mwaka 1593, waligombana na baba yake. Sultani akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama yao. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao yao makuu India. Mtoto naye, mwenye umri wa miaka kama saba, akapelekwa Goa hiyo hiyo. Watawa Waagustino wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza. Akakua akitumika katika merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa awe mfalme Mkatoliki wa Mombasa, Malindi na Pemba. Litafakarini hilo: anaurudia mji wa baba yake akiwa na jina alilopewa na watu waliomfanya yatima.

Kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau. Zikaja habari kwamba mfalme ameonekana kwenye kaburi la baba yake akiomba kwa desturi ya Kiislamu, na ikakusudiwa apelekwe Goa akahukumiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Kilichofuata hatukipambi. Wakristo, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake, walitakiwa kuikana imani. Waliokataa wakauawa, na wenzetu Wakatoliki huwakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa. Yusuf akazishinda meli zilizotumwa kutoka Goa mwaka 1632, kisha akaiacha ngome, akaishia uharamia baharini hadi kufa kwake mwaka 1638. Wareno waliporudi walichonga maandishi juu ya lango la Fort Jesus, mwaka 1635, nayo yapo hadi leo. Jiwe lile linajisifia ushindi. Toba halitaji.

Mtu atatuuliza: ninyi Walutheri si mnabatiza watoto wachanga? Tunabatiza. Lakini mtoto wetu huletwa na wazazi wake, usharika huahidi kumlea, na siku ya kipaimara hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Yusuf aliletwa na nani kwenye kisima cha ubatizo? Na siku gani aliulizwa swali ambalo angeweza kulijibu “hapana” akabaki na usalama wake?

Wala tusiwanyoshee Wakatoliki vidole. Katika Uingereza ya Kiprotestanti, sheria ya mwaka 1581 iliwatoza faini ya pauni 20 kwa mwezi waliokataa kuhudhuria ibada za kanisa la serikali. Mtu wa ukoo mkubwa, Philip Howard wa Arundel, Mkatoliki, alifia kifungoni mwaka 1595 baada ya miaka kumi. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa kumwona mkewe na mwanawe kama angehudhuria ibada hiyo mara moja tu. Akakataa. Na sisi je? Martin Luther aliandika mwaka 1523 kwamba upanga wa mtawala haufiki kwenye imani ya mtu. Mwaka 1555, pale Augsburg, wakuu wa Kilutheri walikubaliana na wenzao Wakatoliki kwamba dini ya mtawala ndiyo iwe dini ya nchi yake, na asiyeitaka ahame.

Hapa Tunduma hakuna kapteni wala ngome. Kuna harusi. Binti wa Kimoraviani kutoka Mbozi amechumbiwa na kijana wa Kilutheri. Mahari imepokelewa, kadi zimegawanywa, ukumbi umelipiwa. Ndipo anaambiwa kwamba asipohama dhehebu ndoa haitafungwa. Anafundishwa wiki mbili, anasimama mbele ya madhabahu, anakiri, watu wanapiga vigelegele na jina linaingia kwenye daftari la washarika. Huyo ameulizwa nini? Ameulizwa kama anataka kuolewa. Makanisa mengine yakiwafanyia hivyo mabinti zetu tunalalamika mpaka kwenye vikao, kwamba tumeibiwa kondoo.

Wapo wazee wa kanisa watakaosema kwamba nyumba yenye madhehebu mawili haina amani. Hoja hiyo ina uzito, na tunajua mabishano ya kweli huja, hasa juu ya watoto watakaposalia. Lakini amani inayonunuliwa kwa ungamo la hofu ndiyo ile amani ya Mombasa kati ya 1626 na 1631. Bwana Yesu, umati ulipomwacha, aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama nao wanataka kwenda zao. Hakufunga mlango kwanza.

Kwa hiyo tunadai jambo moja kwa kila baraza la wazee: daftari la ndoa litengwe na daftari la washarika. Anayetaka kuhamia kwetu aulizwe baada ya harusi, si kabla, na apewe muda. Akisema hapana, Jumapili inayofuata aende kusali kwa Wamoraviani wenzake, na mumewe amsindikize hadi mlangoni.