Walatino Hawakosi Uthubutu

Ukiuliza kwa nini waanzilishi Walatino ni wachache kwenye kampuni changa za teknolojia nchini Marekani, utajibiwa kwa tabia zao badala ya mitaji yao. Majibu hayo nayapinga moja baada ya jingine.

"Wanaogopa kujitosa." Kwa miaka mingi takwimu za taasisi ya Kauffman zimewaweka Walatino mbele ya makundi mengine makubwa ya Marekani kwa kasi ya kuanzisha biashara. Fikiria mama anayefungua mgahawa Los Angeles. Anamimina akiba yake yote, anaweka nyumba rehani benki, na biashara ikianguka deni linabaki shingoni mwake. Mwanzilishi wa kampuni ya programu aliyepata mwekezaji yuko mahali tofauti kabisa. Mwekezaji amenunua hisa, hakukopesha; kampuni ikifa, fedha zile hazidaiwi. Kijana amepoteza muda na usingizi, lakini bado ana pa kulala. Inaniudhi kwamba huyu wa pili ndiye huandikwa magazetini kuwa jasiri, na yule mama, aliyehatarisha paa la wanawe, haitwi hata mjasiriamali.

"Familia zinawarudisha nyuma." Ni kweli wengi hutuma fedha Meksiko, Guatemala au El Salvador, na Mswahili anayeishi ughaibuni anaujua vizuri wajibu huo. Lakini wajibu si woga. Kwa mujibu wa utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022, kaya ya Kizungu ya kiwango cha kati ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000. Ya Kilatino, kama dola 62,000. Fedha za kwanza za kampuni changa mara nyingi hutoka kwa wazazi na marafiki. Mwenye baba wa kumpa mtaji huo anaacha kazi. Asiye naye anaandika programu yake usiku, baada ya zamu.

"Mbona Luis von Ahn aliweza?" Aliweza, tena kwa ubunifu mkubwa. Huyu mzaliwa wa Guatemala ndiye mwanzilishi mwenza wa Duolingo, programu ya kujifunzia lugha ambayo leo inafundisha hata Kiswahili. Ila tazama alipokuwa amesimama alipoanza, mwaka 2011: alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na miaka miwili kabla alikuwa ameiuzia Google kampuni yake ya reCAPTCHA. Vivyo hivyo David Vélez wa Kolombia: kabla ya kuanzisha Nubank, benki ya kidijitali, nchini Brazili mwaka 2013, alikuwa amesoma Stanford na kufanya kazi Sequoia, miongoni mwa wawekezaji wakubwa wa Silicon Valley. Siwapunguzii sifa hata kidogo. Nasema tu kwamba kila mmoja wao alikuwa na pa kuangukia, na watu wa kupokea simu yake.

"Fedha hufuata wazo bora." Walatino ni karibu asilimia 20 ya watu wa Marekani, na waanzilishi wao hupata kama asilimia 2 tu ya mitaji ya wawekezaji wa kampuni changa. Mawazo mazuri hayajagawanyika hivyo. Wawekezaji huwasikiliza zaidi waliotambulishwa na watu wanaowajua.

Ndiyo maana semina za kuwafundisha vijana wa Kilatino kujiamini hazinishawishi. Wanachokosa ni hundi ya kwanza, hata ndogo, isiyodai nyumba ya mama, kutoka kwa mwekezaji aliye tayari kumsikiliza mtu ambaye hakutambulishwa na yeyote.